Koti la Bega Lililoshuka

Vijana wangu, kila anayekuja kujifunza cherehani kwenye kibanda cha binti yangu Neema hapa Mkuyuni, kabla hajapewa hata sindano, namsimamisha mlangoni nimpime. Nashusha futi kutoka bega la kulia mpaka sakafuni, halafu kutoka bega la kushoto mpaka sakafuni, basi. Simshonei kitu. Najua mnacheka. Juzi mmoja wenu, jina nalihifadhi, aliwaambia wenzake, "Mzee anatupima majeneza." Nilisikia. Nimestaafu kushona, sijastaafu kusikia.

Neema akaniambia niandike sababu, maana nikianza kuisimulia kwa mdomo nasimama, nakaa, natoka nje, narudi, na kazi yake inalala. Kwa hiyo naandika. Sijui kama nitaandika vizuri. Niliishia darasa la saba, na mwalimu alikuwa akisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko mawazo yangu. Halafu habari hii ina Mhindi, ina Mzungu, ina sisi, na mtu akisimulia habari ya namna hiyo huwa ameshampata wa kumlaumu kabla hajamaliza sentensi. Nitajitahidi. Mkiona nimemwonea mtu, mniambie.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye baraza la duka la Kanji, mjini, upande wa kuelekea mto Mirongo. Kanji alikuwa Mhindi wa Mwanza, si wa India. India yenyewe nadhani hakuwahi kuiona. Baba yake aliwahi kuwa na duka huko Nassa, kwenye kituo cha kununulia pamba, kwa hiyo Kanji alikulia kwenye Kisukuma. Bibi wa shamba akipita na mzigo kichwani, Kanji anamuwahi kwa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu!" kabla mimi Msukuma wa Magu sijainua macho kwenye sindano. Mwenzangu wa barazani, fundi Kamugisha, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, mwenye ulimi mkali na suruali iliyonyooka, hakujua Kisukuma hata cha kuombea maji. Basi mteja anaingia ndani anaongea Kisukuma na Mhindi, anatoka nje anaongea Kiswahili na Mwafrika mwenzake. Mji wetu ulikuwa hivyo.

Kazi yenyewe iligawanywa hivi. Sisi mafundi tulikaa barazani na vyerehani vya miguu, tukihamahama na kivuli. Ndani kulikuwa na kaunta na majora ya vitambaa, na nyuma ya kaunta kulikuwa na pazia la kijani. Nyuma ya pazia ndiko ilikokuwa meza ya kukatia. Kanji anampima mteja, anaingia na kitambaa nyuma ya pazia, sisi tunasikia mkasi tu, mkasi mzito wa chuma, unatafuna kitambaa polepole. Baadaye anatoka na kifurushi kilichofungwa kwa ukanda wa kitambaa kile kile. Kifurushi cha koti, cha suruali, cha Kaunda suti. Unakichukua, unakishona, unalipwa kwa nguo. Karatasi za vipimo hazikutoka nje hata siku moja. Ukimaliza kushona unaiona nguo imesimama, nzuri, na mikono yako ndiyo iliyoisimamisha, lakini hujui ilianzaje.

Nyie leo mnakata siku ya pili mkifika, mnaharibu kitambaa cha Neema, mnacheka. Hamuwezi kujua ilivyokuwa inawasha. Fundi anayeshona bila kukata hawezi kufungua kibanda chake. Mteja haleti kifurushi, analeta kitambaa na mwili. Asiyejua kukata atakaa kwenye baraza la mtu mpaka macho yaishe. Mimi nilikuwa na mke na watoto kwenye chumba cha kupanga Igogo, na macho yangu niliyaona yanaenda. Nilikitaka kile kitu mpaka nikawa nakata hewa kwa vidole nikitembea barabarani. Mama Neema akaniambia, "Baba Neema, watu wanauliza kama una mapepo."

Je, ulikuwa ubaguzi? Swali hili mimi na Kamugisha tulilishona na kulifumua kila siku.

"Ni ngozi, ndugu yangu," anasema Kamugisha. "Ule mkasi unajua ngozi."

"Hata mganga hamfundishi jirani dawa yake," namwambia.

"Anamfundisha mtoto wa dada yake. Wewe una dada aliyeolewa na Kanji?"

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Kanji hakututukana. Mtoto wangu wa pili alipougua, gari lake ndilo lililompeleka hospitali, na Kanji mwenyewe alikaa benchi na mimi mpaka daktari alipotoka. Halafu kesho yake akaingia nyuma ya pazia akalifunga kama kawaida. Mambo hayo mawili nimejaribu kuyaweka kwenye kapu moja mpaka leo, hayakai.

Basi ikaja miaka ya tisini, kila kitu ruksa. Kabla ya hapo, nguo ilikuwa shida. Mtu akipata kitambaa alikikumbatia kama mtoto, na fundi alikuwa mtu mkubwa. Sasa marobota ya mitumba yakamwagwa chini kando ya Mirongo, milima kwa milima, watu wameinama wanachambua. Kafa Ulaya, ndivyo tulivyoita, maana tuliamini wenye nazo wamekufa. Suti nzima ya Mzungu kwa bei ambayo Kanji asingekupa hata bitana. Kiwanda cha nguo kikapunguza watu, na waliopunguzwa wakageuka wauza mitumba. Wangekula nini? Tuliwaona wanapita mbele ya baraza letu na mafurushi, wanatuamkia kwa aibu, "Habari za kazi, mafundi?" Kazi yenyewe hawakutuachia. Vifurushi vya Kanji vikapungua. Kuna siku tulikaa mpaka mchana na miguu yetu inakanyaga cherehani kitupu, mazoea tu, gurudumu linazunguka na hakuna uzi.

Hapo ndipo nikapata wazo. Nasema nikapata, lakini Kamugisha anasema ni lake, na huenda ni kweli. Kama Kanji hanionyeshi namna koti linavyokatwa, koti lenyewe litanionyesha. Nikaenda kwenye marobota nikachagua koti la kijivu, zito, zuri, bitana yake bado inateleza. Halikuwa la kiwandani; fundi anajua, mishono ya ndani ilikuwa ya mkono. Jumapili baada ya ibada Kamugisha akaja kwangu Igogo, tukakaa mkekani, tukalifumua uzi kwa uzi. Kila kipande tukakipiga pasi ya mkaa kikalala kama karatasi.

Tukagundua jambo. Vipande viwili vya mbele, ambavyo kwenye vifurushi vya Kanji hulaliana kama viganja vya mikono, hapa vilikataa. Cha kulia kilikuwa kimeshuka begani, upana wa kidole au zaidi kidogo. Tukachukua cha mgongo, tukakikunja katikati. Kikakataa vile vile.

"Umeona?" Kamugisha alisimama. "Umeona wanachotuficha?"

"Labda kimevutika kwa kuvaliwa."

"Kimevutika wapi? Angalia ukingo. Kimekatwa na mkasi, na aliyekata alijua anachofanya. Mzungu anakata kulia mbali, kushoto mbali! Ndiyo maana koti lake likimkaa linamkaa. Sisi tunakatiwa pande mbili sawasawa kama kreti la soda, halafu tunashangaa tunaonekana makreti."

Mama Neema alikuwa anapepeta mchele pale mlangoni. Akasema, "Sasa Mzungu ana mabega mangapi?"

"Mama Neema, haya ni mambo ya ufundi," nikamwambia.

Nyie chekeni tu. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya lile pazia muda mrefu, nikaamini nyuma yake kuna siri. Kitu cha kwanza nilichokiona nisikielewe, nikakiita siri. Na kwa kuwa kilitoka Ulaya, sikuuliza kama kimekosea. Nilijiuliza mimi nimekosea wapi siku zote.

Nikachora kila kipande kwenye karatasi za mifuko ya saruji, cha kulia na cha kushoto, kimoja kimoja, kwa uaminifu mkubwa. Shida ikawa moja: sikujua kukuza wala kupunguza. Koti lilikuwa la mtu mrefu, mwembamba wa kati. Kwa hiyo badala ya kutafuta koti la kumtosha mtu, tukaanza kutafuta mtu wa kulitosha koti. Mimi na Kamugisha tulikaa barazani tunawaangalia wanaume wa Mwanza kama wanunuzi wa ng'ombe. "Yule?" "Tumbo." "Yule?" "Mfupi." "Yule je?" "Yule ni askari, acha."

Akapatikana Magesa. Magesa alikuwa Mjita, wakala wa sangara, ananunua samaki mwaloni Igogo, pale mitumbwi inapoteremshia, na kuwapeleka kwenye viwanda vya minofu. Pesa ilimwingia ghafla kama walivyoingiwa wengi wa samaki wakati ule, na binti yake alikuwa anaolewa. Alisimama mbele ya baraza, mrefu, amenyooka kama mlingoti, akasema, "Mafundi, nataka suti ya Ulaya. Lakini sitaki kafa Ulaya. Nataka mzima Ulaya."

Kamugisha akanikanyaga mguu.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana Magesa, ninao mkato huo. Lakini nashonea nyumbani."

"Mhindi anao?"

"Hana."

Nilisema kweli. Hakuwa nao.

Ile suti niliikata sakafuni kwangu, watoto wametolewa nje. Siwezi kuwaeleza raha ya ule mkasi wa kwanza kuingia kwenye kitambaa ambacho hakuna mtu aliyekuchorea. Hata baada ya yote yaliyofuata, raha ile hakuna aliyeniondolea.

Siku ya arusi nilikaa nyuma kanisani. Magesa akaingia na binti yake mkononi, na nikaona kanisa zima linaangalia bega lake. Lilikuwa limelala upande wa kulia, kama mtu aliyebeba ndoo ambayo haionekani. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Magesa amekuwaje? Amepigwa na kiharusi?" Kwenye picha ya ukoo, mpiga picha alimwambia mara kwa mara, "Mzee, nyooka," na Magesa akajibu kwa ukali, "Nimenyooka!" Nyumbani mke wake alimkanda bega kwa maji ya moto akilia. Koti likavuliwa, bega likapanda. Jumapili iliyofuata koti likavaliwa, bega likashuka. Ndipo wakajua mgonjwa ni koti.

Magesa hakuja kwangu. Alipita barazani kama hatuoni, akaingia ndani, akalitupa koti kwenye kaunta. "Kanji! Fundi wako amenifanya kilema mbele ya wakwe!"

Kamugisha akaacha kukanyaga. Kanji akasema kwa upole, "Bwana Magesa, kaa, unywe chai. Nitakushonea lingine." Halafu akaniita. Hakuniita fundi, aliniita jina langu. "Elias, njoo huku."

Huku ilikuwa nyuma ya pazia.

Nilipita. Sikuwahi kupita. Nilidhani nitaona sijui nini. Palikuwa na meza, imelainika kwa mikono ya watu wawili, baba na mwana. Chaki. Mkasi kwenye msumari. Picha ya miungu yao na kijiti cha ubani. Basi.

"Mshono ni wako," Kanji alisema. "Naujua. Nani alikata?"

"Mimi."

"Ulikata, au uliiga?"

Nikamweleza, koti la kijivu, kufumua, karatasi za saruji. Nikamweleza mpaka siri ya kulia mbali na kushoto mbali. Nilitegemea atacheka, na angecheka ningeondoka siku ile nikaenda kubeba samaki. Hakucheka. Alilikunja koti la Magesa katikati ya mgongo, akalaza bega juu ya bega, akapitisha kidole kwenye tofauti.

"Koti ulilofumua lilishonwa kwa ajili ya mtu mmoja," alisema. "Mtu huyo bega lake la kulia lilikuwa limeshuka. Fundi wake alikuwa fundi kweli, alimkatia hivyo ili koti likae na watu wasione. Wewe umechukua kilema cha mtu mmoja ukampa mwingine aliye mzima."

"Kilema cha Mzungu?"

"Wana vilema kama watu. Huyu hakuzaliwa hivi, nadhani. Bega namna hii huvutwa na kazi. Kazi gani, sijui. Kuna kitu alikuwa anakibeba, au anakivuta, upande huu huu, miaka na miaka."

Akalikunjua koti. "Mtu anapima kwanza. Ungepima, ungejua."

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilimwambia, "Bosi, ningejua kupima nini, na pazia limefungwa?"

"Pazia alilifunga baba yangu."

"Baba yako amekufa, bosi."

Nilifikiri kazi imeisha pale. Nilimfikiria Mama Neema na mchele wake. Kanji alikaa kwenye kistuli, akaonekana mzee ghafla, na hatukuachana sana kwa umri.

"Nikikufundisha kukata," alisema, "utabaki hapa?"

Wanangu, jibu la kuokoa kazi lilikuwa pale mdomoni, limeshaiva. Ningesema nitabaki, bosi, nitabaki mpaka nife. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Sitabaki," nilisema. "Nitafungua kwangu."

Akatikisa kichwa, kulia na kushoto, vile wanavyotikisa, ambapo hujui kama ni ndiyo au hapana. "Magesa anasubiri," akasema. "Shika ncha hiyo ya kitambaa."

Nikashika. Akakata koti jipya la Magesa mbele yangu. Hakunifundisha. Ninasisitiza hapo, kwa haki: hakunifundisha. Alikata tu, na mimi nilikuwa nimesimama. Nilipotoka na kifurushi, pazia likabaki limesogezwa upande. Kesho yake nalo lilikuwa limesogezwa. Na kesho kutwa. Nikihamisha kiti changu kidogo, naiona meza yote. Mpaka leo sijui kama alilisahau au aliliacha. Kamugisha anasema alilisahau. Neema anasema aliliacha. Mimi kuna siku niko na Kamugisha na kuna siku niko na Neema. Kitambaa cha koti jipya nilikilipa mimi, na lile la bega lililoshuka nikaambiwa nilichukue, ni langu. Nikalivaa nyumbani, likanipwaya, bega likaning'inia. Likaingia sandukuni.

Kuhusu Kamugisha niongeze jambo moja, msije mkamdhania vibaya kwa maneno yake ya ngozi. Wakati wa kampeni, maneno ya uzawa yalipopamba moto, kijana mmoja alisimama mbele ya duka akapiga kelele Wahindi warudi kwao. Kanji akaufunga mlango nusu. Kamugisha, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amemsema Kanji mpaka mate yakamkauka, alinyanyuka na suruali ya mtu mkononi. "Wewe, huyu kwao ni Nassa. Wewe kwenu wapi, na mbona hujarudi?" Kijana akaondoka. Kamugisha akakaa, akaniambia, "Usinitazame hivyo. Mkasi bado ni wa ngozi."

Mwisho wa duka haukuwa na kelele. Wateja wa kushona walikwisha, Kanji akaanza kuuza masanduku na mablanketi kutoka Dubai. Meza ya kukatia ikauzwa, pazia likashushwa, nyuma yake kukapangwa masanduku mpaka dari. Sisi tukaambiwa hakuna vifurushi tena. Kamugisha alikwenda kiwanda cha sangara. Nilipomkuta mjini, amevaa buti nyeupe, ananuka, akacheka: "Elias, hatimaye nimepewa kisu. Nakata kutwa. Mnofu unapanda ndege, mifupa inabaki kwetu tukaange." Alikuwa anacheka, lakini miguu yake haikutulia, alikuwa kama mtu anayekanyaga cherehani akiwa amesimama.

Mimi nilimwendea Kanji nikamwomba baraza nilipange. Akakubali, kwa kodi. Nikawa nakata barazani pale pale, kwenye meza niliyoigonga kwa mbao za makreti, na kazi nyingi ilikuwa kupunguza mitumba iwatoshe watu. Kila koti la mtumba lililokuja nililikunja mgongo kwanza, nikalaza bega juu ya bega. Mngeshangaa ni mangapi hayalingani. Waliokufa Ulaya, kama walikufa, hawakufa wamekaa bure.

Kanji ndani alikosa raha. Mtu aliyezoea mkasi huwezi kumpa masanduku. Alikuwa anatoka, anasimama nyuma yangu, anarudi. Anatoka tena. Siku moja mteja aliniletea kitambaa kizuri cha suti. Kanji alitoka na mkasi wake wa chuma mkononi, umefungwa kwenye kitambaa, kama mtu anayeleta mtoto mchanga.

"Fundi," alisema. Ndiyo, fundi. "Nikukatie hili?"

Kamugisha alikuwa amepita kunisalimia, mnamjua. "Mwambie utamlipa kwa kifurushi," akasema.

Sikucheka, na Kanji hakucheka. Niliwaza mengi. Niliwaza nimwambie hapana, ajue inavyowasha. Niliwaza pia benchi la hospitali. Nikamwambia, "Karibu, bosi. Lakini hapa hapa barazani. Watu wanapita."

Aliangalia barabara, aliangalia wapita njia. Alikuwa hajawahi kukata mbele ya macho ya mtu isipokuwa yangu. Kisha akalaza kitambaa, akachora chaki, akauingiza mkasi. Wauza mitumba wakasimama kuangalia. Alikata vizuri mno. Alipomaliza akachana ukanda wa kitambaa kile kile, akafunga kifurushi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikakaa kwenye cherehani kukishona, na yeye akabaki amesimama ananitazama kwa nyuma, namna fundi anavyomtazama mteja.

"Bega lako la kulia limeshuka," akasema.

Nikageuka kumtazama. La kwake nalo lilikuwa limeshuka, upande ule ule, upande wa mkasi. Nilimwambia. Akajigusa. Tukacheka wote wawili, na Kamugisha akasema sisi ni mizani mibovu.

Nyumbani nilifungua sanduku. Nilikuwa nimenenepa kidogo kwa uzee, na koti la Magesa, lile lililoharibu arusi, niliingiza mkono mmoja, nikaingiza wa pili, nikafunga kifungo. Mama Neema alikuwa mlangoni na ungo, kama siku ile. Akanitazama muda mrefu. "Hilo koti nani kakushonea?" akauliza. "Limekukaa."

Lilikuwa limekaa bega kwa bega. Nilisimama nalo mbele ya kioo nikamfikiria yule Mzungu. Sijui jina lake, sijui alivuta nini. Nilitaka kusema sisi watatu, yeye na Kanji na mimi, ni bega moja, na ingekuwa pazuri pa kumalizia. Lakini ningekuwa si mkweli. Kanji lake lilishukia ndani, langu lilishukia nje kwenye jua, na kodi ya baraza nilimlipa mimi, hakunilipa yeye. Na Mzungu alipochoka na koti lake, liliuzwa kwetu. Bega ni moja, mengine hayakuwa mamoja. Nasimama hapo, sisogei mbele wala nyuma.

Kwa hiyo nawapima. Kazi itachukua kitu kwenu, hata mkiipenda, na mimi niliipenda. Itachukua polepole, hamtaona, na atakayewalipa hataona pia. Nataka siku hiyo kuwe na mtu anayejua mlivyokuja. Kwa hiyo wewe uliyesema majeneza, kesho njoo wa kwanza. Vua viatu, simama mlangoni, angalia ziwani. Usijinyooshe kwa ajili yangu. Simama tu ulivyo.